Kupima baikalini ya huangqin kwa HPLC: tatizo huanzia kwenye maji baridi

Juzi nimekaa na dada mmoja wa maabara aliyepata baikalini, kiambato kikuu cha dawa, asilimia 3 tu kwenye mzizi wa huangqin, mmea wa dawa wa Kichina, wakati farmakopea ya China (kitabu rasmi cha viwango vya dawa) inataka isipungue asilimia 9.0. Alikwisha badilisha kolamu na taa za HPLC, mashine inayotenganisha kemikali za mchanganyiko na kupima kila moja. Nilipomwomba anionyeshe mzizi wenyewe, kingo za vipande zilikuwa za kijani.

Hatua ya 1: Mzizi. Huangqin safi hukatika kwa rangi ya njano. Ndani yake mna kimeng'enya kinachoivua baikalini asidi ya glukuroni na kubakiza baikaleini, nayo ikipigwa na hewa hugeuka kijani. Kukausha hakukiui kimeng'enya hicho. Kikipata maji baridi kinaamka. Yule dada alikuwa ameosha mzizi na kuuacha kwenye beseni usiku kucha. Kama unaandaa dawa, uchemshe dakika 10 kwenye maji yanayotokota au uupike kwa mvuke nusu saa, ndipo ukate na kukausha, mbali na jua kali. Lakini kama umeletewa sampuli uikague, usiichemshe wala usiioshe: pima kilicholetwa. Isage ikiwa kavu, na kimiminika cha kwanza kuigusa kiwe ethanoli ya asilimia 70, si maji.

Hatua ya 2: Pima gramu 0.3 za unga, tia mililita 40 za ethanoli hiyo, chemsha saa 3 chini ya kipoza, kinachorudisha mvuke kwenye chupa. Chuja, suuza mabaki, jaza hadi mililita 100. Chukua mililita 1, ijaze methanoli hadi 10. Hapa mimi natumia pipeti ya kioo tu. Ya plastiki hudondosha methanoli kabla hujafika kwenye chupa.

Hatua ya 3: Kolamu ya C18 (aina ya kawaida ya HPLC), kimiminika cha kupitisha ndani yake ni methanoli, maji na asidi ya fosforiki kwa 47:53:0.2, mwanga wa kupimia nanomita 280. Asidi usiiache, la sivyo kilele cha baikalini kwenye grafu kitaburuta mkia. Baikalini safi ya kulinganishia iwe mikrogramu 60 kwa mililita. Baikaleini hutoka nyuma yake. Ikiwa na kilele kirefu, rudi hatua ya 1.

Hatua ya 4: Mzizi wa asilimia 9 utakupa takribani mikrogramu 27 za baikalini kwa mililita. Asilimia hiyo ni ya mzizi mkavu kabisa, kwa hiyo pima unyevu wa unga huohuo siku hiyohiyo, uutoe kwenye uzito.