Kuvua chewa kwa mshipi Pemba: upepo na maji kwanza, zana baadaye

Wengi wanaopanga safari ya chewa, samaki wa mwambani, huanzia dukani. Hununua mshipi mnene na ndoana kubwa, kisha hutafuta siku wasiyo na kazi. Anza na upepo, ufuate mwezi, halafu kina cha maji. Zana zije mwisho, kwa kuwa maji ya siku hiyo ndiyo yatakayokwambia chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) liwe na uzito gani na mshipi uwe na unene gani.

Mwongozo huu ni wa mshipi wa mkono, ukiwa kwenye mashua au boti ndogo ya faiba, upande wa magharibi wa Pemba, kina cha pima 10 hadi 20, yaani mita 18 hadi 36 hivi.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Chewa si kama jodari wa kupita. Yupo mwambani mwaka mzima, na akipata pango zuri halihami ovyo. Unachotafuta kwenye msimu ni siku ambazo bahari itakuacha ukae juu ya mwamba wake saa tatu au nne bila nanga kung'oka.

Kipindi kizuri kuliko vyote ni kuanzia mwisho wa Septemba hadi mwanzoni mwa Disemba, kusi (upepo wa kusini) ikishalegea na kaskazi (upepo wa kaskazini) haijashika. Kipindi cha pili ni Februari hadi katikati ya Machi, kaskazi inapochoka na asubuhi nyingi huwa shwari. Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu. Pemba ya magharibi bado unaweza kuvua nyuma ya visiwa vidogo, lakini mashariki ya kisiwa usiende. Aprili na Mei ni masika: mvua kubwa, maji ya hori yamechafuka kwa tope, na upepo hugeuka ghafla.

Disemba na Januari zinataka tahadhari ya peke yake. Mkondo wa bahari kwetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Upepo wa kaskazi unapouvumia uso kwa uso, hutoka mawimbi mafupi yaliyosimama wima, mabaya zaidi kwa boti ndogo kuliko mawimbi marefu ya kusi. Kwenye ncha kama Ras Kigomasha hali hiyo huonekana wazi. Katika miezi hiyo toka alfajiri, na mchana uwe umesharudi.

Walio Unguja wapime hivi: kusi ikivuma, pwani ya mashariki kuanzia Matemwe hadi Makunduchi iko wazi, kwa hiyo tumieni magharibi. Kaskazi ikivuma, Nungwi huchafuka mapema, na maji ya Fumba na Menai hutulia zaidi.

Usiku wa kuamkia safari sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tangazo likisema upepo unafikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2, ahirisha, hata kama barafu umeshanunua.

Hatua ya 2: Hesabu mwezi

Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Kwenye bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika maji yetu hukaribia mita 4. Maji yote hayo hupita kwenye milango ya mwamba kwa saa sita tu, na chubwi la kawaida halifiki chini. Mshipi hulala nyuma ya chombo na chambo kinaelea juu ya kichwa cha chewa.

Bamvua huja siku chache za mwanzo baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu: takriban tarehe 1 hadi 4 za mwezi wa kuandama, na 15 hadi 18. Maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo, huangukia takriban mwezi 8 hadi 11, na 23 hadi 26. Panga safari ya chewa kwenye maji mafu au siku mbili kabla yake. Mkondo unakuwepo wa kutosha kusambaza harufu ya chambo, na chubwi linatua.

Ukilazimika kwenda siku ya bamvua, vua kwenye dakika za maji kusimama. Siku za bamvua maji makavu huwa kwenye saa nne asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Uwe umeshatia nanga nusu saa kabla ya maji kusimama, uvue mpaka mkondo uanze kuvuta mshipi tena. Hizo ni kama saa moja na nusu za kazi; zilizobaki ni kupoteza machubwi.

Hatua ya 3: Uliza dikoni kabla ya kutoka

Magharibi ya Pemba karibu yote imo ndani ya hifadhi ya Mkondo wa Pemba, na Misali ina eneo ambalo haliguswi kabisa. Mvuvi anahitaji leseni, na chombo nacho kinahitaji leseni. Mtafute bwana diko (msimamizi wa pwani vyombo vinapofikia) au mtu wa kamati ya wavuvi ya shehia, umuulize mipaka ya hifadhi na sehemu zilizofungwa kwa muda. Baadhi ya vijiji hufunga miamba yao miezi kadhaa ili pweza wakue. Mgeni akiuliza kwa adabu huelekezwa, na mara nyingi huelekezwa hata fungu zuri.

Hatua ya 4: Funga mshipi

Mshipi mkuu uwe nailoni ya milimita 0.9 au 1.0, mita 100. Kwa changu uzi wa milimita 0.5 au 0.6 unatosha, kwa kuwa changu hupigana kwenye maji wazi. Chewa hapigani hivyo. Akishameza hugeuka kurudi pangoni, na pima mbili za mwanzo ndizo zinazoamua nani mshindi. Unene unautaka kwa ajili ya hizo pima mbili, na kwa sababu uzi utasuguana na jiwe.

Ndoana usinunue kwa namba peke yake. Kuna namba ambazo zikikua ndoana inapungua, na kuna zile zenye sifuri baada ya mkwaju, kama 8/0, ambazo zikikua ndoana inakua. Pima kwa macho nafasi kati ya ncha na mti wa ndoana: sentimita 2 kwa chewa, sentimita 1 kwa changu. Ndoana ya duara, ile ambayo ncha imegeukia ndani, ni bora kwa chewa. Hukamata pembeni mwa mdomo, si tumboni, na huchelewa kunasa mwambani.

Funga kwa mpangilio huu:

1. Mwisho wa mshipi mkuu weka kitanzi kidogo.
2. Kwenye kitanzi funga uzi mwembamba wa milimita 0.5, urefu wa shibiri mbili, na chini yake chubwi. Chubwi likinasa, uzi huu ndio utakaokatika, na ndoana na mshipi vitarudi.
3. Juu ya kitanzi, shibiri mbili hadi tatu, toa utanzu (tawi la uzi) wa nailoni ya milimita 1.0 au 1.2, na ndoana yake. Utanzu uwe mfupi kuliko nafasi iliyopo kati yake na chubwi. Ukiwa mrefu utajisokota kwenye mshipi mkuu wakati wa kushusha.
4. Ndoana moja inatosha. Ndoana ya pili ndiyo itakayonasa mwambani wakati ya kwanza ina samaki.

Fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Nailoni ikikazwa kavu hupata moto wa msuguano na hudhoofika palepale penye fundo. Uzi mwembamba uzungushe mara tano au sita, mnene mara tatu au nne. Ukizidisha, mizunguko haikai vizuri na fundo huteleza. Kisha funga ndoana kwenye mzani wa kuning'iniza, uvute hadi kilo 15. Lisilostahimili hapo lifunguke nchi kavu.

Machubwi chukua ya gramu 150 kwa maji mafu na ya gramu 300 hadi 400 kwa mkondo, angalau sita kwa kila mvuvi. Waya usiweke, ila kama mzia wanakukatia uzi.

Hatua ya 5: Chambo

Ngisi ndiye wa kwanza. Kata ukanda wa urefu wa sentimita 10 na upana wa vidole viwili, uuchome mara moja karibu na mwisho ili uchezecheze. Ukiukunja wote kwenye ndoana utafunika ncha, na ndoana ya duara iliyofunikwa ncha hainasi. Mkono wa pweza ni mgumu, samaki wadogo hawaumalizi haraka. Utumie wanapokuwa wengi. Kibua wa nusu, upande wa kichwa, humwita chewa mkubwa. Chambo kikae kwenye barafu, kivulini. Kilicholegea kwa jua hutoka kwenye ndoana kabla ya kufika chini.

Hatua ya 6: Tia nanga

Usiidondoshe nanga juu ya matumbawe. Unavunja nyumba ya samaki unayemfuata, na nanga yenyewe huenda isirudi. Tafuta mchanga upande mkondo unakotokea, tia nanga hapo, toa kamba mara tatu ya kina, uache chombo kirudi nyuma taratibu mpaka kiwe ukingoni mwa mwamba. Kamba ifunge chini kabisa kwenye kitako cha nanga, kisha uibane kwenye pete ya juu kwa uzi dhaifu. Nanga ikikwama, vuta kwa nguvu: uzi utakatika na nanga itang'oka kinyumenyume.

Hatua ya 7: Vua

Vaa vipande vya mpira wa baiskeli kwenye vidole viwili vya mkono wa kuvutia. Usizungushe mshipi mkononi kamwe. Samaki wa kilo 20 akiondoka, kidole kinaweza kukatika.

Shusha taratibu, na chubwi likigusa chini nyanyua kwa kadiri ya mkono mmoja. Changu hudonadona. Chewa huvuta mara moja, kwa uzito, kama mtu amekanyaga mshipi. Kwa ndoana ya duara usikutue (usivute kwa ghafla): vuta mfululizo, mkono baada ya mkono, bila kulegeza hata shibiri, mpaka umtoe pima mbili juu ya mwamba. Baada ya hapo pumua.

Akikuwahi pangoni, usivute kwa hasira. Legeza mshipi kabisa, uushike kwa ncha ya kidole dakika tano hadi kumi. Chewa asiyehisi mvuto hulegeza mapezi na hutoka. Uzi ukianza kutembea, vuta papo hapo.

Chewa mdogo mrudishe. Wengi wao huanza maisha wakiwa majike na baadaye baadhi hugeuka madume, kwa hiyo mwamba unaotolewa wadogo na wakubwa pamoja huishiwa na vizazi. Aliyetoka kina kirefu mara nyingi tumbo lake hutokeza mdomoni, usilitoboe. Chukua ndoana isiyo na kidenge (kikulabu kidogo cha nyuma ya ncha), uifunge chini-juu kwenye uzi juu ya chubwi zito, umchome kwenye ngozi ya taya la chini, umshushe hadi chini, kisha ukutue uzi ili ndoana imwachie.

Wa kuchukua usimshike kwenye mashavu. Mifupa ya mashavu ina miiba. Mtoe damu na matumbo mapema, umfukie kwenye barafu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na maji yanayoyeyuka yawe na njia ya kutoka.