Namna ya Kuutembelea Mji wa Masbate, Bandari ya Wafugaji, Ukitokea Arusha

Mtu wa Arusha aliyezoea kusimama kwenye mnada wa Meserani, akitazama ng'ombe wanavyopangwa kwa fimbo na miluzi, hatapata shida kuuelewa mji wa Masbate, ingawa uko kisiwani, katikati ya Ufilipino, na wengi wanaofika huko hufika kwa bahari. Mji huu ni makao makuu ya mkoa wenye visiwa vitatu vikubwa, yaani Masbate yenyewe, Ticao na Burias. Ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2000, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu zaidi ya 104,000. Haukujengwa kwa ajili ya watalii, na mgeni anayetafuta hoteli za kifahari za ufukweni aende kwingine. Anayekwenda kwa ajili ya ng'ombe na bahari hana budi kupanga safari kwa kalenda mbili kwa pamoja, ya mifugo na ya dhoruba.

Kalenda ya mifugo ndiyo nyepesi. Tamasha la Rodeo Masbateño, yaani mashindano ya wachunga ng'ombe, lilianzishwa mwaka 1993, na kwa kawaida hufanyika mwezi Aprili, tarehe zake zikisogezwa kulingana na Pasaka, kwa hiyo zihakikishe kabla ya kulipia tiketi ya ndege. Wakati huo huku kwetu tunakanyaga tope la masika, lakini kule ni kiangazi kikali. Beba kofia pana na nguo za pamba, na usidanganywe na baridi ya Arusha unayoiacha nyuma. Msimu wa tufani huwa mzito kuanzia Juni hadi Novemba, na mara nyingi huburuta mkia wake mpaka Desemba. Idara ya hali ya hewa ya huko, iitwayo PAGASA, ikitangaza tahadhari ya upepo, walinzi wa pwani husimamisha feri, na abiria hulala bandarini na mizigo yao hata kama kwa macho bahari inaonekana tulivu. Hakuna wa kumlalamikia. Weka siku mbili za akiba upande wa kurudi, kwa sababu ndege ya kimataifa haitakungoja.

Kwa upande wa nyaraka, Mtanzania haombi viza kwa ziara isiyozidi siku 30, mradi pasi yake iwe na uhai wa miezi 6 na awe na tiketi ya kuondoka nchini humo. Ndani ya saa 72 kabla ya kufika hujazwa fomu ya mtandaoni iitwayo eTravel, ambayo ni ya bure, na tovuti yoyote inayokudai fedha kwa fomu hiyo ifunge mara moja. Chukua pia kadi ya manjano ya chanjo, hasa ukipitia Nairobi au Addis Ababa, maana mtu wa afya kule hutazama ulikopita pamoja na ulikotoka. Kutoka KIA njia rahisi ni kupitia Doha hadi Manila. Saa za kule ziko 5 mbele ya zetu.

Kutoka Manila kuna njia tatu. Ya kwanza ni ndege ndogo hadi uwanja wa Masbate, ambao uko mjini kabisa. Ratiba yake hubadilika, basi iangalie mapema. Ya pili ni basi linalokwenda usiku kucha, likaingia ndani ya feri pamoja na abiria wake na kushuka upande wa pili, na hii ni ya mwenye mgongo imara. Ya tatu ndiyo ninayoipendelea: panda ndege hadi uwanja wa Daraga, mkoani Albay, uuone mlima wa volkano wa Mayon, uliochongoka vizuri kiasi cha kumfanya mtu wa chini ya Meru aone wivu kidogo, kisha uende kwa gari hadi bandari ya Pilar. Hapo boti ya mwendo kasi huchukua takriban saa mbili hadi Masbate, na feri kubwa ya magari karibu mara mbili ya muda huo. Jirani na Pilar kuna Donsol, ambako papa potwe, hao hao wa Mafia, huonekana kati ya Novemba na Juni, hivyo mwenye siku ya ziada asipite bila kusimama.

Dirishani tiketi huandikwa jina kamili, kwa hiyo pasi iwe mkononi. Ushuru wa gati hulipwa peke yake, kwa noti ndogo. Jihadhari na saa. Tiketi iliyoandikwa 5:00 AM ni ya saa kumi na moja alfajiri, na najua msafiri mmoja wa Moshi, mtu aliyesoma vizuri tu, aliyeitafsiri kichwani kwa haraka kuwa saa tano na kufika gatini akaikuta feri imebaki nukta kwenye upeo wa macho.

Ukishafika, usianzie kwenye uwanja wa mashindano. Anza na ule msafara wa ng'ombe unaoswagwa katikati ya barabara za mji mwanzoni mwa tamasha, kisha omba kuyasogelea mazizi asubuhi kabla jua halijawa kali. Ng'ombe wengi ni wa damu ya Brahman, wenye nundu na ngozi ya shingoni inayoning'inia, na mfugaji wa kwetu atawatambua kama binamu wa zebu wake, ila wakubwa zaidi. Wachungaji wa kule hutumia farasi na kamba ya kitanzi, desturi iliyofika na Wahispania kupitia Meksiko, na ndiyo maana neno lenyewe la rodeo ni la Kihispania. Hapo ndipo tofauti na Umasaini inapojitokeza. Ng'ombe wa boma hurudi kila jioni na huijua sauti ya mwenyewe, kwa hiyo fimbo inatosha. Ng'ombe wa ranchi huachwa malishoni muda mrefu, na akihitajika kwa dawa au chapa ni lazima akamatwe.

Kila mchezo wa uwanjani ulianzia kwenye kazi hiyo. Kuna kurusha kitanzi mtu akiwa amesimama chini au akiwa juu ya farasi, kuna kumwangusha ng'ombe kwa kamba, kuna kupanda fahali. Kuna pia karambola, ambapo timu humkabili mnyama kwa mikono mitupu hadi atulie: mmoja amening'inia shingoni, mwingine ameng'ang'ania mkia huku visigino vyake vikichora mifereji mchangani, na vumbi likipungua huwezi kujua nani amemshika nani. Wanaume kwa wanawake hushindana, wanafunzi wa vyuo vya kilimo kwa upande wao na watu wa kazi kwa upande wao. Kaa upande wenye kivuli na ufike mapema.

Siku ya mapumziko ni ya bahari. Ngalawa ya pande mbili, ambayo wao huiita bangka, itakufikisha kwa muda mfupi Buntod, fungu la mchanga lenye matumbawe yaliyohifadhiwa. Huko Pawa kuna njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Kisiwa cha Ticao kinahitaji walau siku nzima, kwa ajili ya maporomoko ya Catandayagan yanayomwagika moja kwa moja baharini. Samaki wakubwa aina ya taa, walioko eneo la kuzamia liitwalo Manta Bowl, waachiwe wazamiaji wazoefu, kwa kuwa mkondo wa pale ni mkali.

Mjini utasafiri kwa pikipiki yenye kitoroli cha pembeni, ndugu wa bajaji. Kiingereza kinaeleweka, lakini mwite dereva "kuya", yaani kaka, na mama wa mgahawani "ate", yaani dada, na ukipokea kitu useme "salamat", yaani asante, neno la asili ya Kiarabu lililo ndugu wa salama yetu. Chakula ni wali asubuhi, mchana na jioni. Nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, iitwayo tapa, ni nzuri sana. Nguruwe huingia kwenye vyakula vingi, hata vya mboga, basi Mwislamu aulize kabla ya kuagiza.

Usalama usichukuliwe kimzaha. Huko mashambani kumewahi kutokea mapigano ya jeshi na waasi wa kikomunisti, na siasa za mkoa huo huwa moto miezi ya kuelekea uchaguzi, ambao hufanyika Mei kila baada ya miaka mitatu, ukiwemo wa 2028. Ukitaka kulala ranchi, panga kupitia ofisi ya utalii ya mkoa, uende na mwenyeji, na urudi barabara kuu kabla ya giza.