Kabla ya Kufungua Kizimba cha Nyoka, Kenge au Kobe

Mfugaji anayeng'atwa na nyoka wake mara nyingi amekwisha kukosea kabla mkono haujaingia ndani. Ametoka kushika panya, au mnyama ana baridi, au mgeni amekuja na sasa lazima aonyeshwe. Ndiyo maana karibu yote ninayosema hapa hufanywa kizimba kikiwa bado kimefungwa.

Kwanza kibali. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 haimruhusu mtu kukaa na chatu au kobe wa porini bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hata kama ulimwokota kando ya barabara kule Njoro na nia yako ni njema. Tena kuokota kuna hatari yake: kifutu, mwenye mabaka ya kahawia, mwili mfupi mnene na kichwa kipana, hudhaniwa mtoto wa chatu, na sumu yake huozesha nyama. Nyoka wa sumu si wa kushikwa nyumbani. Nazungumzia asiye na sumu, mwenye karatasi zake.

Sasa mikono. Nyoka hunusa kwa ulimi, na chatu ana vishimo midomoni vinavyohisi joto. Kwake, mkono wenye joto unaonuka kuku au panya ni chakula kimefika, wala hana ubaya wowote na wewe. Osha mikono kwa sabuni na maji hadi kwenye viwiko, hasa kama ulimpapasa paka au ulikuwa jikoni. Kama kila ukifungua mlango humpa chakula, atajifunza kwamba mlango ni chakula. Afadhali umlishe kwa koleo ndefu, na siku nyingine umguse taratibu katikati ya mwili kwa ndoano ya nyoka, yaani fimbo yenye ncha iliyopinda, au gazeti lililokunjwa kabla ya kumnyanyua. Baada ya muda ataelewa kwamba akiguswa hivyo hakuna mlo.

Angalia na kipimajoto. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai zinajulikana. Mtambaazi hupata joto lake kutoka nje. Akiwa na baridi hawezi kukimbia, na asiyeweza kukimbia hujitetea kwa meno. Chatu anahitaji upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi joto 30 hadi 32. Stima ikipotea usiku, mwache hadi apate moto tena. Wa Kisumu hawasumbuki sana na hili.

Kuna siku ambazo hashikwi kabisa. Macho yakigeuka kuwa na ukungu wa samawati, anakaribia kujivua gamba, haoni vizuri na kila kivuli kinamtisha. Akishakula, mpe siku mbili au zaidi, la sivyo atatapika. Na aliyefika juzi aachwe wiki moja au mbili, ale kwanza, bila ya watoto wa ploti nzima kugonga kioo.

Kisha simama umtazame. Hapa ndipo subira inapohitajika, na ndipo wengi huruka. Nyoka aliyetulia hutoa ulimi polepole na mwili wake umelegea. Akivuta shingo nyuma ikajikunja kama herufi S, ulimi ukasimama na kichwa kikafuata mkono wako, funga, urudi jioni. Kenge huvimbisha koo, hufoka, na huinua mkia upande upande kama mjeledi. Mkia huo unauma kweli, na makucha zaidi. Kobe akiingiza kichwa amekwisha kukujibu. Hakuna hasara kuahirisha.

Akiwa tayari, mwendee kutoka ubavuni. Mkono unaoshuka kutoka juu unafanana na mwewe. Mnyanyue kwa mikono miwili, mmoja theluthi ya kwanza ya mwili na mwingine nyuma, bila kumbana wala kukamata kichwa. Nyoka anayehisi anaanguka hukaza. Keti sakafuni. Akizidi mita mbili, awepo mtu mzima wa pili, na kamwe asizungushwe shingoni kwa ajili ya picha.

Majirani waambiwe mapema. Upande wa Nyakach wazee bado wanamkumbuka Omieri, chatu aliyehusishwa na mvua, lakini kwenye ploti nyingi nyoka akitoroka panga hutangulia maswali. Kizimba kiwe na kufuli. Watoto wadogo wasiwabusu kobe. Wanyama hawa hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata wakiwa wazima, kwa hiyo sabuni hutumika kabla na baada.

Mwisho, weka karibu taulo nene na jagi la maji baridi. Chatu akikushika usivute: meno yake yamepinda kuelekea nyuma, na ukivuta unajichana ngozi na kumvunja meno. Tulia, mara nyingi ataachia mwenyewe. Asipoachia, mwagia maji mdomoni mwake. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, angalia kama jino limebaki ndani, kisha nenda kliniki uulizie chanjo ya pepopunda. Kenge hung'ang'ania zaidi na kidonda chake huchafuka haraka, kwa hiyo usikitibu nyumbani.