Kabla ya kukata sakafu ya gari kuukuu: mambo ya kuzingatia kwa sisi wa pwani

Escudo yangu ilibeba mwani kwa miaka kabla sijainunua. Siku niliponyanyua zulia upande wa dereva, niliiona barabara. Mara ya kwanza nilibandikiwa bati kwa ribiti, likapakwa pati na rangi nyeusi juu yake. Masika moja tu, kutu ikala pembezoni mwa kiraka na tundu likawa kubwa kuliko la mwanzo. Mara ya pili tuliifanya kazi nyumbani, mimi na jirani yangu anayejua kuchomea, na tulitumia siku mbili nzima kabla hata ya kuwasha grenda. Siku hizo mbili ndizo ninazotaka kuzieleza.

Anza na maji. Sakafu huoza kwa sababu kuna maji yanayoingia na hayatoki, na ukichomea bati jipya bila kujua yanapita wapi, utarudi pale pale. Toa viti, nyanyua zulia na ile sponji nzito iliyo chini yake. Sponji ndiyo inayoficha: juu zulia kavu, chini maji yamesimama. Kisha mtu mmoja akae ndani na tochi, mwengine amwage maji kwa mpira, aanzie chini ya milango na kupanda taratibu mpaka kioo cha mbele. Akianzia juu, maji yanayoteremka yatawapoteza. Tazama raba za milango, raba ya kioo, na vile vitundu vya chini ya mlango ambavyo huziba kwa mchanga. Kama gari ina AC, tazama kipira kinachotoa maji yake nje. Kikiziba, maji humwagika ndani, miguuni pa abiria wa mbele. Kwangu ilikuwa raba ya kioo, na tuliibadilisha kwanza.

Baada ya maji, chumvi. Gari iliyobeba samaki au mwani, au iliyooshwa miaka yote kwa maji ya kisima cha karibu na bahari, ina chumvi ndani ya mikunjo ya bati. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo chuma hakikauki hata pasiponyesha. Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mara tatu au nne, juu na chini, kisha iache juani milango wazi mpaka ikauke kabisa.

Ndipo utafute chuma kizima kinaanzia wapi. Gonga kwa nyundo ndogo na uchome kwa bisibisi, ukitoka kwenye tundu kwenda nje. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya bubu au hubonyea. Piga mstari wa chaki pale tu kinapolia pande zote, na jiandae kuona tundu la ukubwa wa kisahani likigeuka la ukubwa wa sinia. Usione huruma ukauvuta mstari ndani, maana bati jipya haliwezi kushika kwenye kutu.

Mstari huo ndio unaoamua kama kazi ni ya nyumbani. Ukigusa mahali panapofungwa miguu ya kiti au mkanda wa usalama, au ukifika kwenye boriti za chini, simamisha, mpelekee fundi bodi mzoefu. Mkanda uliofungwa kwenye bati bovu utang'oka siku ya ajali, na anayekaa pale ni mtoto wako. Escudo za kabla ya 2005 zina chasisi yake mbali, yaani fremu ya chuma iliyo peke yake chini ya bodi, kwa hiyo sakafu haibebi kila kitu. RAV4 au Vitz hazina. Sakafu na vizingiti vya milango ndivyo vinavyoishika bodi. Ukikata kizingiti bila kuegemeza, bodi inalala na mlango haufungi tena. Pima nafasi za milango kabla, uziandike.

Bati lisiwe la kuezekea. Ni jembamba mno, na zinki yake ikiungua hutoa moshi unaoleta homa na kubana kifua. Tafuta bati jeusi la milimita 1 hadi 1.2. Mashine ya vijiti, ile ya kuchomea mageti, hutoboa bati jembamba kama hilo. Afadhali mashine ya waya yenye gesi, waya wa 0.6 au 0.8. Lakini upepo wa kusi huipeperusha gesi na mshono ukajaa vitundu, kwa hiyo weka kizuizi cha mabati upande unakotoka upepo.

Hapa naomba tusikilizane sana: usichomee chini ya banda la makuti. Najua ndiko kwenye kivuli. Cheche moja inakaa ndani ya makuti na kuamka mkiwa mnakula. Chomea uwanjani. Fungua nyaya zilizolala chini ya zulia, ondoa kichwa cha hasi cha betri, na chini ya gari fuata kwa mkono paipu za petroli na za breki mpaka tangini. Zilizo karibu zisogezwe. Mtu mmoja asimame na maji na mchanga, asifanye kazi nyengine, na abaki nusu saa baada ya cheche ya mwisho. Gari ikae juu ya stendi za chuma zilizosimama kwenye saruji au ubao mnene. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa.

Wakati mzuri ni kipupwe au kaskazi iliyotulia. Masika, chuma ulichokisugua asubuhi kesho yake kimeshakuwa chekundu, kwa hiyo praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, iwepo nyumbani kabla ya kusugua, pamoja na gundi ya mishono na dawa ya kupaka chini. Vitundu vya kutolea maji visizibwe.

Mwisho tulikata kwanza kiraka cha mfano kwa boksi la maziwa, tukakiweka juu ya mstari wa chaki, tukakipunguza mara mbili mpaka kikakaa. Ndipo tukachomeka grenda.