Kufundisha Toni ya Shairi kwa Kutumia Muziki: Hatua kwa Hatua

Mwanafunzi akiulizwa toni ya shairi linalotaja kifo, mara nyingi hujibu "huzuni" kabla hajafika ubeti wa mwisho, kwa kuwa ameishika mada na kuiacha sauti. Toni ni msimamo wa nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, kuhusu jambo analolisema, na kifo kinaweza kusemwa kwa majonzi, kwa ghadhabu, kwa kuridhia au kwa kejeli. Muziki unafaa kwa kazi hii kwa sababu msimamo huo husikika hata pale ambapo hapana maneno. Hatua hizi zinatosha vipindi viwili vya kidato cha pili au cha tatu, na vifaa ni simu na spika ndogo.

Hatua ya 1: Lahani moja, toni mbili

Wimbo wa Taifa wa Kenya, ulioandaliwa mwaka 1963, ulijengwa juu ya lahani, yaani sauti ya wimbo bila maneno yake, ya bembelezi ya Wapokomo wa bonde la Mto Tana. Wanafunzi wasimame na kuuimba kwa heshima yake ya kawaida, kisha waketi na kuivumisha lahani hiyohiyo vinywa vikiwa vimefumbwa, polepole, kana kwamba wanambembeleza mtoto alale. Waulize ni nini kilichobadilika. Watataja kasi, ukubwa wa sauti, mkazo na mapumziko. Yaandike majibu hayo ubaoni kwa maneno yao na usiyafute, maana yatahitajika hadi mwisho wa somo.

Hatua ya 2: Kuipa toni jina

Cheza vipande vitatu visivyo na maneno, kila kimoja kwa dakika moja hivi: udi ukipigwa peke yake, ngoma ya mwendo wa kasi, na tarumbeta za gwaride. Kila mwanafunzi aandike jina la toni na sababu inayosikika. Marufuku kutumia "furaha" na "huzuni". Wape badala yake majonzi, shauku, kiburi, bezo, onyo, unyenyekevu na matumaini.

Hatua ya 3: Kuingia katika shairi

Hii ndiyo hatua inayostahili muda mrefu zaidi. Chukua "Amina", shairi la Shaaban Robert la kumlilia mkewe, ulisome kwa sauti mara mbili, kisha vikundi vichague ni kipi kati ya vile vipande vitatu kingefaa kulisindikiza na vipigie mstari maneno yanayothibitisha uchaguzi huo. Rejea ubaoni: mkazo katika muziki unalingana na uteuzi wa msamiati, mapumziko yanalingana na vituo, na kiitikio kinalingana na urudiaji. Wengi watachagua udi kwa sababu ya msiba, na hawatakuwa wamekosea, lakini wasukume wasome zaidi, kwani nafsineni haishii kulia: inamwombea marehemu na kushikilia kwamba mapenzi yao hayajavunjika. Majonzi yamechanganyika na dua na uthabiti, na mwanafunzi anayeliona hilo ameanza kulisikiliza shairi.

Hatua ya 4: Kejeli

Kejeli ndiyo toni inayowaponyoka wengi. Tafuta wimbo wa taarabu wa mipasho, uusikilize wewe kwanza ili uhakikishe kuwa maneno yake yanafaa darasani. Cheza utangulizi wa ala pekee na uwaulize wanatarajia nini, kisha wagawie maneno. Lahani inachangamka huku maneno yakichoma, na katika pengo hilo kejeli hujidhihirisha. Shairini pengo hilo hutafutwa kwa njia nyingine: sifa iliyozidi kiasi, au jina la heshima analopewa mtu ambaye matendo yake yametajwa kuwa maovu.

Hatua ya 5: Kuandika bila muziki

Zima spika. Wape shairi wasilowahi kulisoma, na kila mmoja aandike toni yake, maneno mawili au matatu yanayoithibitisha, na ubeti ambamo toni hiyo inabadilika, ikiwa inabadilika. Jibu lisilo na ushahidi kutoka katika maneno ya shairi mrudishie mwenyewe, hata kama toni aliyoitaja ni sahihi.