Mzigo wa Huduma: Namna ya Kuupima Kabla ya Kuutangaza

Mtu anasimama kwenye ushuhuda, anasema ana mzigo na vijana wa bodaboda, yaani Mungu amemwekea moyoni kuwahudumia. Watu wanaitikia amina, na Jumapili inayofuata ameshakabidhiwa idara. Baada ya miezi 6 idara haipo, na yeye mwenyewe haonekani hata kwenye maombi ya katikati ya wiki. Mara nyingi mzigo wake ulikuwa wa kweli kabisa. Uliharibika kwa sababu ulitangazwa haujapimwa, kisha ukabebwa na mgongo mmoja.

Nyamaza kwanza

Katika Biblia, Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta wa Uajemi, alipata habari za kubomoka kwa ukuta wa Yerusalemu mwezi wa Kisleu wa kalenda ya Kiyahudi, na alizungumza na mfalme huyo mwezi wa Nisani. Hapo katikati ni kama miezi 4. Alilia, akafunga, akaomba. Lakini tazama siku mfalme alipomuuliza anataka nini: alitaja muda wa safari, akaomba barua za kupita kwa maliwali, akaomba na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti ya malango. Alikuwa akilia huku akipiga hesabu.

Nawe jipe siku 90. Chukua daftari, weka tarehe, andika sentensi moja inayosema ni nani, yuko wapi na anakosa nini. "Vijana wamepotea" haifanyiwi kazi. "Madereva wa bodaboda wa kijiwe cha stendi hawana wa kuwatembelea hospitali wakipata ajali" inafanyiwa kazi. Kila wiki, siku ileile, isome tena na uandike chini yake kama bado inakuuma. Moto uliowashwa na mkutano wa injili unaweza kupoa ndani ya wiki chache. Ukipoa hujatenda dhambi. Endelea kuwaombea, na umwachie nafasi anayeungua kweli.

Jiulize pia hili, na ulijibu mbele za Mungu: kazi hii ikifanywa na mwingine, ikafanikiwa, na jina lako lisitajwe popote, utafurahi? Moyo ukisita, andika hilo kwenye daftari na uendelee kuomba. Kutamani madhabahu na kuwapenda watu hufanana sana mwanzoni.

Nenda ukaone kwa macho yako

Nehemia alipofika Yerusalemu alikaa siku 3, kisha akatoka usiku na watu wachache kuukagua ukuta, bila kumwambia mtu. Hatua hii ndiyo tunayoiruka zaidi, na ndiyo inayotugharimu zaidi.

Nenda kijiweni mara 6 kwa uchache, saa tofauti, bila vipeperushi. Panda pikipiki zao, lipa nauli kamili, sikiliza. Utaona asubuhi na jioni hawana muda, na kwamba saa tano hadi saa nane mchana wengi wanakaa kivulini. Utaona wengi pikipiki si zao. Jioni wanapeleka hesabu ya tajiri, kwa hiyo kila saa unayomchukua kijana unaichukua kwenye hesabu hiyo. Na Jumapili asubuhi, wakati wewe unafungua ibada, yeye anawabeba waumini wako. Kiongozi asiyejua haya ataandaa semina ya Jumapili asubuhi, atakodi vyombo, atapika wali wa watu 60, na wataula wanakwaya. Halafu atasema vijana wana mioyo migumu. Paulo aliwaandikia Warumi habari za watu wenye juhudi kwa ajili ya Mungu, lakini si katika maarifa.

Tafuta watu 4 kabla ya kwenda kwa mchungaji

Mmoja wa maombi, mmoja wa kutembelea, mmoja wa fedha, mmoja wa kuandika majina na mahudhurio. Zungumza na kila mmoja peke yake na umpe kazi iliyo karibu na maisha yake. Nehemia sura ya 3 inaonyesha wengi wakijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Ukikosa hata wawili, ongeza muda wa kuomba.

Kwa mchungaji peleka ukurasa mmoja: tunamhudumia nani, siku gani, nauli na chai kiasi gani kwa mwezi, na ombi la kujaribu miezi 3. Fedha zitolewe kwa sahihi za watu wawili, hata kama ni ndogo. Manung'uniko huanzia kwenye fedha ndogo.

Katikati mtachoka

Ukuta ulikamilika kwa siku 52, lakini ulipofika nusu watu wa Yuda walisema nguvu za wabeba mizigo zimedhoofika. Tegemea hilo karibu na wiki ya 6 ya ile miezi 3 ya kujaribu. Dalili zake kwa kiongozi: anaomba hadharani tu, anawakasirikia wasiofika, na mwenzi wake anasikia ratiba zake kwa watu wengine. Usimwongezee mkesha mtu wa namna hiyo. Nabii Eliya alipoomba kufa chini ya mti wa mretemu, alipewa usingizi na chakula mara mbili ndipo akaendelea na safari. Mpe siku moja nzima kila wiki ambayo simu ya huduma inashikwa na msaidizi.

Muwe na kikundi kidogo cha kuambiana ukweli. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulidumu kwa vikundi vya ushirika ambamo hata mchungaji alitubu mbele ya waumini wake. Watu wawili wanaoweza kukuuliza "mara ya mwisho uliomba lini ukiwa peke yako?" wanatosha kuanzia.

Wiki ya 12 mwachie msaidizi kikao chote. Kaa nyuma, usimsahihishe mbele ya watu. Kikienda vizuri, mkabidhi na daftari.