Kabla hujapuliza dawa, mtazame mdomo

Siku za mwezi mchanga, hapa Musoma, vidudu hupanda kutoka Ziwa Victoria kama moshi wa moto wa nyasi, na usiku huohuo lazima mgeni fulani anigongee: "Mama, chumba kimejaa mbu!" Mara nyingi si mbu. Ni wale wasiouma, ambao Wajaluo huwaita sami, na ukiwa na glasi, karatasi nyeupe na simu yenye kamera nzuri utawatambua mwenyewe.

Aliyetua ukutani mfunike kwa glasi, telezesha karatasi chini yake, kisha mpige picha kwa karibu na uikuze. Usimpige kofi. Ukishamponda huna tena cha kuchunguza, na wale wa kijani huacha doa baya kwenye ukuta mweupe. Kupaka rangi ni gharama yangu, si yako.

Anza na mdomo. Mbu, awe dume au jike, ana mrija mrefu unaochomoza mbele ya kichwa. Utauona hata kabla ya kukuza picha. Sami hana. Kinywa chake ni kifupi, kimejificha chini ya kichwa, wala hakiwezi kutoboa ngozi ya mtu.

Wageni wengi hukimbilia vipapasio, zile nyuzi mbili za kichwani. Ni kweli, dume wa sami ana vipapasio vyenye manyoya mengi, tena vya kupendeza. Lakini dume wa mbu anavyo pia! Manyoya hayo yatakuambia kwamba umemshika dume, basi.

Sasa miguu, na hapa mtazame akiwa ametulia bila kuguswa. Sami huinua ile ya mbele, ambayo ni mirefu, akaitikisatikisa hewani. Mbu huinua ya nyuma. Anofelesi, yule wa malaria, huinua na sehemu ya nyuma ya mwili, akakaa mshazari ukutani.

Bawa la mbu lina magamba madogo kwenye mishipa na ukingoni. La sami halina magamba hayo, na kwa madume mara nyingi ni fupi kuliko tumbo, hivyo ncha ya tumbo hutokeza nyuma. Kifua chake kimebinuka, kichwa kikakaa chini. Mwenye lenzi aangalie nyuma ya kifua, upande wa mgongoni: kuna mfereji mwembamba unaopita katikati kwa urefu.

Katika wingu hilohilo yumo mdudu mwingine, kaoborasi, ambaye Ziwa Nyasa huitwa kungu na watu humkanda kuwa mkate. Ukingo wa bawa lake una pindo la nywele ndefu, kwa hiyo mtu humdhania kuwa mbu. Rudi kwenye mdomo: ni mfupi. Naye haumi.

Wa kuogopwa kwa udogo wake ni usubi, wa milimita 1 hadi 3. Hulaza mabawa bapa mgongoni, moja juu ya jingine, mara nyingi yana madoa, na miguu yake ya mbele ni mifupi. Huyo anauma, tena anawasha.

Ukikuta vijinyoo vyekundu kwenye tope la chini ya tangi la maji, ni watoto wa sami. Wekundu huo ni himoglobini, kama ile inayoipa damu yetu wekundu. Viluwiluwi vya mbu huja juu kupumua. Vyote viwili vinakuambia jambo moja: osha tangi, lifunike.

Kutouma si kutodhuru. Nchini Sudan, sami wa kijani aitwaye nimitti amewaletea watu pumu kando ya Nile. Kwa hiyo mgeni mwenye pumu nampa chumba cha nyuma, na taa ya baraza naizima mapema. Chandarua namfungia kila mtu, maana taa inayowaita sami huwaita na mbu. Asubuhi nanyunyiza maji kwanza ndipo nifagie, vumbi lao lisiruke.